Kati Mbili za Mwingereza

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilitoa mpangilio wake wa kila mwaka wa nchi kwa kipato, na Tanzania ikapandishwa kutoka kundi la kipato cha chini hadi kundi la kipato cha kati, daraja lake la chini. Redioni, vijiweni na majukwaani jambo hilo likafupishwa kuwa “uchumi wa kati”, na ubishi ukaanza. Wa upande mmoja walisikia kwamba nchi imefika katikati. Wa upande wa pili wakauliza ni katikati ya wapi, mbona mfuko ni uleule. Wote walikuwa wakigombania nukta ambayo haikutajwa na mtu. Kundi la kipato cha kati, madaraja yake yote mawili yakiunganishwa, lilianzia dola 1,036 za Marekani kwa kila mtu kwa mwaka na kuishia dola 12,535. Pato la Tanzania lililoingizwa kwenye hesabu hiyo lilikuwa dola 1,080. Chukua kamba yenye urefu wa kundi hilo, ikunje mara mbili: kunjo litaangukia karibu na dola 6,785, mbali kabisa na hapo. Tanzania ilikuwa imevuka kizingiti, unyayo mmoja sebuleni na kisigino bado mlangoni, na kwa Kiingereza mtu aliyesimama hapo tayari yumo ndani ya “middle”. Benki haikudanganya. Neno la Kiingereza ndilo lililopita kwenye tafsiri likiwa limebadilika umbo njiani bila mtu kuliuliza.

Kiingereza kina maneno mawili makubwa ya mahali pa kati, “middle” na “centre”, na kamusi nyingi tunazotumia huyatia yote mawili katika kapu moja: kati, katikati. Msomaji akiondoka hapo anaamini kwamba ni maneno mapacha, na kwamba Mwingereza huchagua hili au lile kama mtu anavyochagua shati. Hoja ya makala hii ni kwamba maneno hayo hayalingani hata kidogo katika mambo yanayoyaegemeza. “Middle” huegemea ncha: hakuna “middle” mpaka kuwe na mwanzo na mwisho, juu na chini, kabla na baada. “Centre” huegemea vinavyoizunguka: haihitaji ncha, inahitaji pembezoni, na inahitaji kitu cha kuielekea. Moja ni jina la kipande cha mstari, jingine ni jina la moyo wa duara. Na la kustaajabisha ni kwamba Kiswahili cha ofisini na mitaani, tofauti na kamusi, kimekwisha kulijua hilo siku nyingi.

Tuanze na nyumba yenye watoto watatu. Mtoto wa pili kwa Kiingereza ni “the middle child”, mtoto wa kati, kwa sababu ametanguliwa na mmoja na kufuatwa na mmoja. Lakini ikiwa macho yote ya nyumba yanamwangalia kitinda mimba, anayebebwa na kila mgeni na kuulizwa kwanza kama amekula, huyo kitinda mimba ndiye “the centre of attention”. Yuko mwishoni kabisa mwa mstari wa kuzaliwa na papo hapo yuko kwenye kitovu cha nyumba. Mtoto wa kati wa kweli, kama wajuavyo watoto wa kati wote, mara nyingi hatazamwi na yeyote. Angalia pia kiganja cha mkono. Kidole cha tatu kati ya vitano ni “the middle finger”, na wala hapa hakuna ulegevu wa kipimo: viwili huku, viwili huku, hesabu imetimia sawasawa. Hata hivyo hakuna Mwingereza anayekiita “the centre finger”, maana vidole vimepangwa safu, na vinne vilivyosalia havikizunguki wala havikitegemei. Kwa hiyo tofauti ya maneno haya haitokani na usahihi wa kipimo, kana kwamba moja ni la fundi na jingine ni la mtu wa kukadiria. Inatokana na umbo la kitu kinachopimwa.

Asili ya maneno yenyewe inaelekea upande huohuo. “Middle” ni neno la nyumbani kwa Mwingereza, kutoka Kiingereza cha kale, na lina ndugu waliotapakaa: “medius” la Kilatini, “mesos” la Kigiriki, “madhya” la Kisanskriti. Ndugu hao wote hutamka jambo la kuwa baina ya mawili. Mesopotamia ni nchi iliyo baina ya mito, Furati na Hidekeli. “Centre” ni mgeni. Kwa Wagiriki “kentron” kilikuwa kitu chenye ncha kali, mchokoo wa kuswagia ng’ombe. Kisha wanahisabati wakalitumia kwa ile alama inayochomwa karatasini na mguu mkali wa bikari, mguu unaotulia mahali pamoja wakati mwenzake anazunguka. Kutoka Kigiriki likaingia Kilatini, kutoka Kilatini Kifaransa, na mwishoni mwa karne ya 14 lilikuwamo katika Kiingereza cha mshairi Chaucer, ambaye mwaka 1391 alikuwa akiandika kitabu cha kumfundisha mtoto wa miaka 10 matumizi ya astrolabu, chombo cha kupimia nyota. Liliingia, basi, likiwa na vumbi la darasani: neno la wapima nyota na wachora duara. (Hata tahajia yake haijatulia mpaka leo. Samuel Johnson aliliandika “centre” katika kamusi yake ya mwaka 1755, Noah Webster wa Marekani akalichagulia “center”, na tangu hapo kila pwani ya Atlantiki inaiona nyingine imekosea.)

Mtu anaweza kupinga hapa, na ana haki, kwamba asili ya neno si hati ya kulifunga. Maneno husahau yalikotoka. Nani leo akisikia “shopping centre” humkumbuka ng’ombe na mchokoo? Ni kweli, na ndiyo maana ushahidi wa kutegemea ni wa matumizi ya sasa, na ushahidi bora kuliko wote uko uwanjani. Katika mfumo wa zamani wa kandanda wa 2-3-5 walikuwapo mabeki wawili nyuma, safu ya watu watatu mbele yao, na washambuliaji watano. Wale watatu waliitwa nusu-mabeki, “half-backs”, kwa sababu walisimama baina ya mabeki na washambuliaji. Mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto, na mmoja wao katikati ya safu, aliyeitwa “centre half”. Ndiye sentahafu wetu. Sasa tazama jinsi uwanja huo ulivyokuwa ukipimwa kwa fimbo mbili kwa wakati mmoja. Kutoka goli hadi goli, wote watatu walikuwa “in the middle”, kwa kuwa kipimo hicho kina ncha mbili, nyuma na mbele. Lakini “centre” alikuwa mmoja tu, yule aliyekuwa na wenzake ubavuni. Sentafowadi naye alikuwa “centre” bila kuwa katikati ya uwanja hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kukaa jirani na kipa wa wapinzani. Winga wawili na washambuliaji wa ndani walimzunguka na kumlishia mipira, na hilo ndilo lililompa jina. Kama “middle” na “centre” yangekuwa kitu kimoja, sentafowadi angekuwa mtu wa kati aliyesimama mwisho wa uwanja, na jina lake lingekuwa kichekesho. Hakuna aliyewahi kulicheka.

Kisa cha sentahafu kina mkia, na mkia huo una faida. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa: mshambuliaji aliyekuwa akihitaji wapinzani watatu baina yake na mstari wa goli sasa alihitaji wawili tu. Magoli yakafunguka. Herbert Chapman, aliyeichukua Arsenal mwaka huohuo, akamrudisha sentahafu nyuma, akampachika katikati ya mabeki wawili ili amkabe sentafowadi. Kuanzia hapo sentahafu hakuwa tena baina ya mabeki na washambuliaji. Alikuwa beki kamili. Sehemu ya jina lake iliyosema “nusu” ikawa uongo, na mpaka leo Waingereza wanaendelea kuutamka uongo huo bila aibu. Sehemu iliyosema “centre” ikabaki kweli. Mtu alihamishwa kuelekea golini kwake na u-“centre” wake haukuguswa, kwa sababu bado alikuwa na mwenzake kulia na mwenzake kushoto. Kilichopotea ni u-kati wake wa baina ya ncha. Watangazaji wa Kiswahili walipofika kwenye kazi hizi waligawa kwa akili: aliye nyuma wakamwita beki wa kati, na wale wanaoshikilia eneo la baina ya ulinzi na ushambuliaji wakawaita viungo. Kiungo ni kinachounga. Neno hilo halisemi mtu amesimama wapi, linasema anafanya nini kwa ncha mbili zilizo mbele na nyuma yake, na kwa hiyo limeieleza “midfielder” vizuri zaidi kuliko neno hilo la Kiingereza linavyojieleza lenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni hili: Waingereza wenyewe huchanganya. Wataweka meza “in the middle of the room” leo na “in the centre of the room” kesho, na meza haijasogea. Kweli tena. Chumba ni kitu chenye kuta pande zote, na kinaweza kutazamwa kama umbali kutoka ukuta hadi ukuta au kama eneo linalozunguka jambo. Maneno mawili hukutana pale ambapo maumbo mawili yanakutana, na hilo halithibitishi kuwa ni neno moja, kama ambavyo mjomba na mwalimu hawawi neno moja kwa sababu kuna mjomba anayefundisha. Yapeleke maneno hayo mahali pasipo na duara, yataachana mara moja. Wakati hauna pembezoni. Una mwanzo na mwisho tu. Kwa hiyo kuna “the middle of July”, ambayo ni siku kadhaa za katikati ya Julai, lakini “the centre of July” haisemwi. Kuna “the middle of the night” na hakuna “the centre of the night”. Kitabu huchosha “in the middle”, na hapo mtu anazungumzia sura za kati. Kitovu cha kitabu hichohicho, jambo linaloshikilia sura zote, huenda liko ukurasa wa tatu. Yapeleke upande wa pili, kwenye mambo yasiyo na ncha, na huko “middle” ndilo litakalokosa pa kukaa: hakuna anayeita London “the middle of finance”. Wenye wivu wa lugha miongoni mwa Waingereza wamegombana kwa miaka mingi juu ya usemi wa “centre around”, wakisema mjadala unaweza kutulia juu ya nukta lakini nukta haiwezi kulizunguka jambo, na kwa hiyo lazima iwe “centre on”. Wengi huwapuuza. Ila kuwapo kwa ugomvi wenyewe kunaonyesha kwamba mguu wa bikari bado unachoma chini ya neno hilo.

Kwenye wakati, kwa kweli, Kiswahili hakihitaji msaada wa mtu, na ni hapa ambapo tafsiri za sisisi huumiza sikio kuliko mahali pengine. Mwingereza akisema alipigiwa simu “in the middle of” kula, hasemi kwamba alikuwa amemaliza nusu ya sahani. Anasema kitendo kilikuwa kimeanza na hakijaisha. Kiswahili kina silabi moja ya kazi hiyo: alipiga simu nikila. Ile “-ki-” imebeba “in the middle of” yote mgongoni, na anayeandika “nikiwa katikati ya kula” anamfanya mlaji aonekane ameketi ndani ya sufuria. “The middle of the night” nayo ni usiku wa manane, na jina hilo halina haja na kipimo cha kati. Huku karibu na ikweta jua huzama na kuchomoza karibu na saa kumi na mbili, hivyo nusu ya usiku kwa kipimo ni saa sita. Lakini Waswahili hawakuuweka uzito wa usiku saa sita, wakati bado kuna wanaotoka kwenye maongezi. Jina walilolichagua limebeba nane, saa ambayo hata mbwa wamenyamaza.

Kwa kuwa “middle” huishi kwa ncha zake, anayezitaja ncha ndiye anayeiumba. Watu wa Ulaya wa karne ya 11 hawakujua kwamba wanaishi katika Zama za Kati. Walidhani wanaishi sasa, kama sisi. Waliowabandika jina hilo ni wasomi waliokuja baadaye, wakianzia Italia, waliotukuza Roma ya kale upande mmoja na wakati wao wenyewe upande wa pili, na takriban miaka 1,000 iliyokuwa baina yake ikawa njia ya kupita tu. Mashariki ya Kati ni hivyohivyo. Aliyelieneza jina hilo ni Alfred Thayer Mahan, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, katika makala aliyoichapisha mwaka 1902 kwenye jarida la Uingereza kuhusu Ghuba ya Uajemi. Ncha zake zilikuwa Mashariki ya Karibu na Mashariki ya Mbali, na ukaribu na umbali huo ulipimwa kutoka Ulaya. Sisi tumetafsiri jina zima bila kuhamisha miguu ya aliyesimama. Kutoka Unguja au Mombasa, Maskati iko upande wa kaskazini zaidi kuliko mashariki, huko ulikotoka upepo wa kaskazi ulioleta majahazi kwa karne nyingi, na hakuna nahodha wa pwani hii ambaye angeitafuta Omani kwa kuangalia mashariki. Serikali ya India, ambayo kwayo nchi hizo ziko machweo, huandika Asia Magharibi. Jina la Mahan limezoeleka na halitang’oka kwa makala ya gazeti, lakini msomaji akilisikia na ajue kwamba “kati” hiyo ni ya kipimo cha mtu mwingine.

China inaonyesha hasara ya kukosea upande. Jina la nchi hiyo kwa lugha yake ni Zhongguo, na silabi ya kwanza, “zhong”, hubeba kati zote mbili, ya mstari na ya duara. Kiingereza kililazimika kuchagua, na kikachagua “the Middle Kingdom”. Mara msomaji anajiuliza: ufalme huo uko kati ya nani na nani? Swali halina jibu, maana halikuwamo katika jina. Fikra ya kale ilikuwa ya dola lililo kwenye kitovu, na mataifa mengine pembezoni yakilizunguka na kuliletea kodi. “The Central Kingdom” ingeifikisha bila tabu. Wanaotafsiri jina hilo kwa Kiswahili kupitia Kiingereza na kuandika “Ufalme wa Kati” wamerithi swali lisilo na jibu, wakati “kitovu” kilikuwa mfukoni.

Na tulicho nacho mfukoni ni zaidi ya kitovu. Turudi ofisini. “Central Bank” kwa Kiswahili ni Benki Kuu; hajatokea wa kupendekeza Benki ya Kati. Kenya na Tanzania zilianzisha zao mwaka 1966. Ile ya Kenya kwa Kiingereza hubeba neno “Central” katika jina; ile ya Tanzania hailibebi, ni “Bank of Tanzania” tu, lakini kwa Kiswahili zote ni Benki Kuu, kana kwamba lugha ilikataa kusahau jambo ambalo Kiingereza kililiacha. Soko la katikati ya mji ni Soko Kuu. Kuna Serikali Kuu, Kamati Kuu, Kituo Kikuu cha Polisi. Katika majina haya yote “central” haina habari ya ramani. Benki haiitwi hivyo kwa kuwa jengo lake liko umbali sawa na mipaka yote. Inaitwa hivyo kwa kuwa benki nyingine huielekea, na Kiswahili kimekwenda moja kwa moja kwenye uhusiano huo, ukubwa juu ya wadogo. Pale ramani inapohusika kweli, tunarudi kwenye kati bila kusita: Jamhuri ya Afrika ya Kati, uliokuwa Mkoa wa Kati wa Kenya, Reli ya Kati inayoikata Tanzania kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Wafasiri waliotofautisha Reli ya Kati na Benki Kuu, wakati Kiingereza kiliwapa neno moja la “central” kwa yote mawili, walijua kazi yao.

Kuna wengine waliolifasiri “centre” kwa kituo, na hapo picha imegeuka tena. Kituo ni mahali pa kutua, pa kushusha mzigo, na ndiyo maana neno hilo hilo linatosha kituo cha basi, kituo cha polisi na hata nukta ya mwisho wa sentensi. “Health centre” ni kituo cha afya. Tafsiri hii inaonekana legelege mpaka uikumbuke ile “shopping centre” ambayo Mwingereza huijenga nje kabisa ya mji, kando ya barabara kuu, mahali penye eneo la kuegeshea magari. Kwa ramani iko pembezoni. Kwa jina ni “centre”. Na yeye haoni kinzano. Haoni kwa sababu neno limekwisha kuwa la mahali watu wanapoelekea na kukusanyika, popote palipo. Kituo kinasema jambo hilohilo, tena kwa upande wa mwenye mzigo. Kitovu, kwa upande wake, kimebaki kwa mambo ambayo uhai wake unatoka mahali pamoja: kitovu cha jiji, kitovu cha duara, kitovu cha tetemeko la ardhi. Hakuna aliyewahi kuchukua futi kamba kuhakikisha kama kitovu cha mtoto kiko katikati ya utosi na kisigino. Kinaitwa kitovu kwa sababu chakula cha mimba kilipitia hapo.

Mtetezi wa kati anaweza kusema kwamba mgawo huu unaidhulumu, maana kati ni neno kongwe lenye upana wake. Na upana upo. Mzizi huo uko katika lugha nyingi za Kibantu: Wazulu wana “phakathi”, ndani na baina; Washona wana “pakati”; kwa Wachewa mwanamke mwenye “pakati” ni mjamzito; Kilingala kina “kati” ya ndani. Ni neno la kufumbatwa, la kuwa na kitu huku na kitu huku, au kitu pande zote. Katika Kiswahili hiyo ni “mmoja kati yao”, “kati ya Tanga na Mombasa”, “kidole cha kati”. Lakini tazama kwamba mifano hii yote iko upande wa “middle”. Kati ni kuwekwa na wengine. Haina mamlaka juu yao. Mtu wa kati kwenye biashara ya mazao hatawali mkulima wala mlaji, anasimama baina yao, na lawama zinazompata humpata kwa sababu hiyo. Kuna pingamizi jingine ambalo nalikubali kwa nusu: kwamba “kuu” imebebeshwa mno. Katibu Mkuu kwa Kiingereza ni “general”, si “central”, Mkutano Mkuu wa chama ni umati na Kamati Kuu ni watu wachache, zote kuu. Msomaji wa kigeni atapotea. Wa hapa hapotei, maana hujua kamati ni nini na mkutano ni nini, na gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kuwa na Benki ya Kati.

Palipobaki fundo ni kwenye siasa, na sitalificha, kwa kuwa linaonekana kuigonga hoja yangu usoni. Kulia na kushoto kwa kisiasa kulianzia Ufaransa mwaka 1789, pale wajumbe wa Bunge la Taifa waliotaka mfalme abaki na nguvu walipokaa kuume kwa mwenyekiti na wapinzani wao wakakaa kushoto. Walio baina ya pande hizo Waingereza huwaita “the centre”, ingawa hapa kipimo ni cha ncha mbili na neno la haki lingekuwa “middle”. Sehemu ya jibu ni kwamba neno lilikuja na samani zake kutoka Ufaransa, ambako wabunge wamezoea ukumbi wa nusu duara. Sehemu nyingine ni heshima. Mwanasiasa wa Kiingereza hujiita mwenyewe “centre”. Mpinzani wake akitaka kumdharau kwa msimamo uleule humwita “middle of the road”, mtu aliyesimama katikati ya barabara kwa kukosa pa kwenda. Kwa Kiswahili tumeunda “mrengo wa kati”, na nakiri kwamba hunichekesha: mrengo ni kitu cha ubavuni, na aliyewahi kuona mrengu wa ngalawa anajua kwamba ukiuhamishia katikati ya chombo kitapinduka. Hata hivyo “kati” yake ni sahihi kuliko “centre” waliyoitafsiri. Hatari iko kwingine. Gazeti la London likiandika “the Centre”, mara nyingi linazungumzia wanasiasa hao wa baina. Gazeti la Delhi likiandika “the Centre”, kwa herufi kubwa, linazungumzia serikali ya muungano wa India dhidi ya serikali za majimbo. Mhariri wa zamu anayepokea habari kutoka India saa tano usiku na kuandika kwamba mrengo wa kati umekataa kuyapa majimbo fedha amewatangazia wasikilizaji chama ambacho hakipo, na Serikali Kuu iliyokataa haikutajwa.